Kuzuia madai na migogoro katika miradi ya ujenzi

Kuzuia madai na migogoro katika miradi ya ujenzi ni sehemu ya usimamizi wa miradi inayohusu hatua zinazochukuliwa kabla ya mkataba kusainiwa, na wakati kazi inaendelea, ili tofauti kati ya mwenye mradi na mkandarasi zisifike mahakamani. Hatua hizo huanzia kwenye uchunguzi wa udongo na michoro, hupitia mkataba, ratiba, kumbukumbu za saiti na malipo, na katika miradi mikubwa huishia kwenye bodi ya watu huru wanaoteuliwa mapema kuufuatilia mradi tangu mwanzo.

Ujenzi huzaa ugomvi kuliko biashara nyingi kwa sababu bei hukubaliwa kabla kitu kinachouzwa hakijakuwepo. Anayenunua gari hulizunguka kwanza, akafungua boneti na kusikiliza injini. Anayejenga daraja hununua michoro na ahadi. Kati ya siku ya kusaini na siku ya kukabidhi hupita miezi au miaka, na katika muda huo mvua hunyesha, bei ya saruji na nondo hupanda, mwamba hujitokeza mahali palipotarajiwa udongo, na mwenye mradi hubadili mawazo kuhusu idadi ya vyumba. Swali la nani abebe gharama ya mambo hayo lazima lijibiwe. Likijibiwa mapema na kwa maandishi huwa ni hesabu tu; likiachwa hadi mwisho huwa ni kesi.

Tofauti ya dai na mgogoro

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Dai ni ombi la upande mmoja, lenye msingi katika kifungu cha mkataba au katika sheria, la kupewa fedha za ziada, muda wa ziada, au vyote viwili. Mgogoro huanza pale dai linapokataliwa au lisipojibiwa, na aliyedai asikubali kuliacha.

Dai si kosa, wala si dalili ya uadui. Mkataba uliotungwa vizuri unatarajia kuwa madai yatakuwepo na unaweka njia ya kuyapokea. Mkandarasi aliyezuiwa kuingia kwenye eneo la kazi kwa miezi miwili, kwa sababu wananchi wanaohamishwa hawajalipwa fidia, ana haki ya kuongezewa muda. Mwenye mradi aliyejengewa ukuta wenye nyufa naye ana haki ya kudai. Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuzuia: matukio yanayozaa madai yasiyo ya lazima, na uzembe unaogeuza dai halali kuwa mgogoro. Kuzuia hilo la pili ni nafuu zaidi, maana kunahitaji kalamu na nidhamu tu, lakini ndilo linalopuuzwa zaidi.

Katika mradi wa kawaida pande zenye mkataba ni mbili: mwenye mradi, ambaye hati za Tanzania humwita pia mshitiri au mwajiri, na mkandarasi. Kati yao huwepo mhandisi mshauri au msanifu majengo anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, pamoja na mkadiriaji majenzi anayepima kazi na kukadiria thamani yake. Chini ya mkandarasi wapo wakandarasi wadogo na wauzaji wa vifaa. Hawa mara nyingi ndio wa kwanza kuumia fedha zinapochelewa, ingawa hawana mkataba na mwenye mradi.

Michoro isiyokamilika

Chanzo kimoja kikubwa cha madai ni kuanza kujenga kabla usanifu haujakamilika. Mfano unaojulikana duniani kote ni Nyumba ya Opera ya Sydney, nchini Australia. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alishinda shindano mwaka 1957. Kazi ilianza Machi 1959 kwa msukumo wa serikali ya jimbo, wakati namna ya kulijenga lile paa lenye umbo la matanga ilikuwa bado haijapatikana. Matokeo yake, baadhi ya nguzo zilizokwisha kujengwa zilionekana dhaifu mno kwa paa lililokuja kubuniwa, zikabidi zibomolewe na kujengwa upya. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kutofautiana na serikali kuhusu usanifu na malipo. Jengo lilikuwa limekusudiwa kukamilika mwaka 1963, lakini lilifunguliwa mwaka 1973. Gharama ilifika dola milioni 102 za Australia, ilhali makadirio ya awali yalikuwa sawa na dola milioni 7.

Leo jengo hilo ni fahari ya nchi, na watu husamehe. Lakini majengo mengi hayana uzuri wa kuyasamehewa makosa ya namna hiyo. Jengo la ofisi za wilaya lililoanza kwa haraka ili jiwe la msingi liwahi ziara ya kiongozi litabaki na hasara yake tu.

Kinga yake ni kuoanisha michoro, maelezo ya kiufundi na jedwali la kazi na bei kabla ya kutangaza zabuni. Mchoro ukionyesha dirisha la alumini na jedwali likitaja la mbao, mkandarasi ataweka bei ya mbao, naye mwenye mradi atadai alumini. Mikataba huweka mpangilio wa hati ipi ina nguvu kuliko nyingine pindi zinapopingana, na mpangilio huo unapaswa kusomwa na pande zote mbili kabla ya kusaini.

Ardhi isiyochunguzwa

Chanzo kingine ni hali ya ardhi. Kwa kawaida mikataba humlinda mkandarasi dhidi ya hali ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia wakati wa kuandaa zabuni. Uzito wote upo katika neno "kuitarajia".

Huko Gibraltar, mwaka 2008 serikali iliipa kampuni ya Hispania, Obrascon Huarte Lain, kazi ya kusanifu na kujenga barabara pamoja na handaki chini ya njia ya kurukia ndege ya uwanja wa ndege. Kazi ilichelewa sana, na serikali ikauvunja mkataba mwaka 2011. Kampuni ilidai kwamba udongo uliochafuliwa na miamba iliyokutwa chini havikuweza kutarajiwa, na kwamba ilistahili kuongezewa siku 474. Mahakama mjini London ilitoa hukumu mwaka 2014. Jaji aliona kuwa eneo lile lilikuwa na historia ndefu ya matumizi ya kijeshi, na kwamba hati za zabuni zilikuwa zimetaja uchafuzi; hivyo mkandarasi mzoefu hakupaswa kuichukua ripoti ya mwenye mradi kama neno la mwisho, bali aifanyie tathmini yake mwenyewe. Siku za nyongeza ambazo zingeweza kufikiriwa hazikuzidi 7. Handaki lenyewe lilifunguliwa mwaka 2023.

Kesi hiyo inawagusa wote wawili. Mwenye mradi anayeokoa fedha kwa kuchimba mashimo mawili ya uchunguzi mahali panapohitaji kumi hununua ugomvi kwa bei ya rejareja. Mkandarasi anayejaza bei ofisini bila kufika kwenye eneo, akitumaini kwamba atadai baadaye, anacheza kamari.

Taarifa ya mapema

Mikataba mingi ya kimataifa ya ujenzi hufuata vielelezo vya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, linalofahamika kwa kifupisho chake cha Kifaransa, FIDIC. Shirikisho hilo lilianzishwa mwaka 1913, makao yake makuu yapo Geneva, nchini Uswisi, na kielelezo chake cha kwanza cha mkataba wa kazi za uhandisi kilitoka mwaka 1957. Vielelezo hivyo hutambulikana kwa rangi za majalada: Kitabu Chekundu ni cha kazi zilizosanifiwa na mwenye mradi, na cha Njano ni cha kazi ambazo mkandarasi huzisanifu mwenyewe.

Kwa mujibu wa toleo la mwaka 1999, mkandarasi anayeona kwamba anastahili muda au fedha za ziada anatakiwa kutoa taarifa kwa mhandisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililosababisha dai. Akichelewa, hupoteza haki hiyo hata kama dai lake lilikuwa la kweli. Maelezo kamili pamoja na vielelezo hufuata ndani ya siku 42 tangu siku ile ile ya kujua, na mhandisi naye ana siku 42 za kujibu baada ya kuyapokea. Toleo la mwaka 2017 liliongeza muda wa maelezo kamili hadi siku 84, na likamwekea mwenye mradi masharti yale yale ya taarifa anapokuwa na dai lake.

Wakandarasi wengi huliona sharti la siku 28 kuwa ni mtego. Ni kali kweli, lakini lina sababu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkandarasi anachimba msingi wa kalvati na kukuta mwamba katika kina cha mita moja. Akiandika barua siku ile ile, mhandisi anafika, anauona mwamba, wanaupima pamoja na kusaini vipimo. Pengine mhandisi anaamua kuisogeza kalvati mita kumi, na tatizo linaishia hapo. Mkandarasi huyo huyo akinyamaza ili asionekane mlalamishi, akaupasua mwamba, akamwaga zege na kufukia, kisha baada ya miezi minane akaleta dai la mita za ujazo 300, hakuna tena wa kuuona mwamba huo. Mhandisi akikubali ataulizwa na wakaguzi alikubali kwa ushahidi gani. Akikataa, mkandarasi atasema amedhulumiwa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, lakini hakuna awezaye kuthibitisha.

Tatizo kubwa hapa ni la tabia. Katika jamii zetu kumwandikia mtu barua huonekana kama kumtangazia vita. Watu waungwana huzungumza. Mkandarasi anaogopa kumuudhi mhandisi ambaye kesho atasaini hati yake ya malipo. Njia moja iliyosaidia ni kuifanya taarifa iwe jambo la kawaida lisilo na lawama. Mkataba mpya wa uhandisi uliotolewa Uingereza mwaka 1993, maarufu kwa kifupisho NEC, ulileta utaratibu wa tahadhari ya mapema: upande wowote unaoona jambo linaloweza kuongeza gharama, kuchelewesha kazi au kudhoofisha ubora unalazimika kuutahadharisha mwingine mara moja, kisha wakutane kutafuta dawa. Tahadhari hiyo si dai. Utaratibu unaofanana na huo umeingizwa pia katika toleo la FIDIC la 2017.

Kumbukumbu na ratiba

Dai husimama kwa ushahidi, na ushahidi hukusanywa siku ya tukio. Kumbukumbu muhimu ni shajara ya saiti inayoandikwa kila siku: hali ya hewa, idadi ya vibarua na mafundi, mitambo iliyofanya kazi na iliyolala, vifaa vilivyopokelewa, wageni waliofika na maagizo waliyotoa. Picha zenye tarehe husaidia sana, na siku hizi kila msimamizi ana simu mfukoni. Mihtasari ya vikao vya saiti isainiwe na pande zote mbili katika kikao kinachofuata.

Maagizo ya mdomo yanastahili kutajwa peke yake. Mhandisi anapita saiti, anasema "hapa ongezeni nondo", anaondoka. Fundi anaongeza. Mwezi mmoja baadaye mhandisi amehamishwa, na aliyekuja hajui lolote. Kinga ni mkandarasi kuandika siku hiyo hiyo barua fupi ya kuthibitisha agizo alilopewa, hata kwa mistari mitatu. Katika matoleo ya awali ya FIDIC ya 1999, agizo la mdomo lililothibitishwa hivyo na mkandarasi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asilikanushe kwa maandishi katika siku 2 za kazi zinazofuata, huhesabiwa kuwa agizo la maandishi.

Ratiba nayo ni kumbukumbu. Si pambo la ukutani. Ratiba inayoonyesha kazi zipi zinategemeana huwezesha kujua kama ucheleweshaji fulani umeisogeza tarehe ya kukamilisha au umekula nafasi iliyokuwepo tu. Ratiba isiyohuishwa tangu mwezi wa kwanza haiwezi kujibu swali hilo, na hapo wataalamu wa kila upande huja na hesabu zao zisizokutana.

Malipo

Hakuna bodi wala kifungu kitakachozuia mgogoro pale ambapo fedha hazipo. Kwa toleo la FIDIC la 1999, mwenye mradi anatakiwa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee maombi ya malipo. Akichelewa, mkandarasi anastahili riba, na baada ya kutoa taarifa ya siku 21 anaweza kusimamisha kazi au kupunguza kasi. Kusimamisha kazi huzaa madai mapya ya mitambo iliyolala na vibarua waliokaa bure, na ndivyo deni moja linavyozaa mengine. Kuanzisha mradi ambao bajeti yake haijulikani itatoka wapi ni sawa na kusaini mgogoro pamoja na mkataba.

Bodi ya migogoro

Wazo la kuwa na watu huru wanaoufuata mradi tangu mwanzo lilipata nguvu katika jimbo la Colorado, Marekani. Njia ya kwanza ya handaki la Eisenhower, lililopita chini ya Milima ya Rocky, ilijengwa kuanzia 1968 hadi 1973 na ilijaa matatizo ya ardhi, gharama na mabishano. Njia ya pili ilipoanza mwaka 1975 iliundwa bodi ya kupitia migogoro. Mabishano 3 yaliletwa mbele yake na yote yalimalizika bila kwenda mahakamani. Kuanzia 1980, wazo hilo lilitumiwa pia katika bwawa la El Cajón nchini Honduras. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliifanya bodi kuwa sharti katika mikataba mikubwa inayoigharimia, yaani ile inayozidi dola milioni 50 za Marekani.

Kwa kawaida bodi huwa na mtu 1 au watu 3, wasio na maslahi kwa upande wowote, na gharama yao hugawanywa nusu kwa nusu. Katika utaratibu wa FIDIC bodi hutoa uamuzi ndani ya siku 84. Uamuzi huo hufuatwa mara moja, hata kama mmoja hakuridhika. Asiyeridhika hutoa taarifa ndani ya siku 28, na baada ya muda wa kujaribu kupatana jambo linaweza kupelekwa kwenye usuluhishi.

Nguvu ya bodi haipo sana katika maamuzi yake. Ipo katika ziara zake za mara kwa mara saitini. Wajumbe wake wameiona ile kalvati ikichimbwa, na kila upande unajua kwamba wameiona. Dai lililotiwa chumvi hukosa wa kulinunua. Toleo la 2017 lilitambua jambo hilo kwa kuongeza neno "kuepusha" katika jina la bodi, na kuziruhusu pande mbili kwa pamoja kuiomba ushauri usio rasmi kabla jambo halijawa mgogoro. Kosa la kawaida ni kuchelewa kuiteua ili kuokoa gharama, kisha kuitafuta baada ya watu kuacha kusalimiana. Wakati huo hata kukubaliana jina la mjumbe ni mgogoro.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa kutumia sheria. Baada ya ripoti ya Michael Latham ya mwaka 1994, iliyoeleza jinsi sekta ya ujenzi ilivyodhoofishwa na ugomvi na ucheleweshaji wa malipo, ilipitishwa sheria mwaka 1996 inayompa kila mwenye mkataba wa ujenzi, isipokuwa baadhi kama ya makazi binafsi, haki ya kupeleka mgogoro wakati wowote kwa mwamuzi anayetakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 28. Anayeamriwa kulipa hulipa kwanza, mengine baadaye.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hutoa ushauri wa kitaalamu na husaidia kutatua migogoro ya sekta hiyo. Wakandarasi na wahandisi husajiliwa na bodi zao kwa sheria za mwaka 1997, na usuluhishi unaongozwa na sheria ya mwaka 2020. Nchini Kenya usuluhishi upo chini ya sheria ya mwaka 1995, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama kuhimiza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za jadi. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Barabara na miradi ya maji inayogharimiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hutumia kwa wingi masharti ya FIDIC, ndiyo maana siku 28 zinamhusu mkandarasi wa Dodoma au Kisumu kama zinavyomhusu wa Madrid.

Kazi ndogo

Sehemu kubwa ya ujenzi katika eneo hili haifiki kwenye mikataba hiyo. Ni nyumba ya familia, duka, au madarasa mawili yanayojengwa na kamati ya shule na fundi wa mtaani. Ugomvi wake ni ule ule kwa kipimo kidogo: fundi anasema saruji ililetwa pungufu, kamati inasema iliibiwa, fundi anasema bei haikuhusu plasta, mwenye nyumba anasema ilihusu. Hapa hahitajiki mwanasheria. Karatasi moja inatosha, ikitaja kazi zilizomo na zisizomo, nani ananunua vifaa, malipo yanatolewa kazi ikifika wapi (msingi, linta, paa), na nani atapima. Daftari la kupokea vifaa lisainiwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, kila gari linaposhusha. Mabadiliko yoyote yaandikwe humo pamoja na bei yake kabla fundi hajashika mwiko, na sehemu ya malipo ibakizwe hadi mvua za kwanza zilijaribu paa.